Wazazi, Tumpendeze Nani?

Siku mtu anapopata mtoto wake wa kwanza, siku hiyo hiyo hupoteza jina lake. Jana alikuwa Anna. Leo ni Mama Neema. Mumewe alikuwa Petro. Leo ni Baba Neema. Dukani, kisimani, kanisani, hata mbele ya mtendaji wa kijiji, jina ni hilo, wala halimtoki mpaka azeeke na kupata wajukuu. Hii ni heshima kubwa, nasi twaipenda. Lakini heshima hiyo ina mzigo wake. Maana tangu siku ile watu humpima mtu kwa mtoto wake. Neema akiwaamkia wakubwa vizuri, sifa ni za mama. Neema akionekana na gauni lililochanika, maneno ni ya baba. Akifaulu, akianguka, akichelewa njiani, jina linalotajwa kwanza ni la mzazi.

Basi juma hili tuulizane jambo moja. Watu wanataka mzazi awe wa namna gani? Nawe mwenyewe, moyoni mwako, wataka kuwa mzazi wa namna gani? Tena, haya mawili yakigombana, ni yupi wa kusikilizwa?

MFANO WA KWAKOA

Ili tusizungumze hewani, tushike mahali. Tushike Kwakoa, katika wilaya ya Mwanga, tambarare iliyo chini ya milima ya Upare ya Kaskazini, upande wa kuelekea Mkomazi na mpaka wa Kenya. Aijuaye nchi ile ajua kwamba kule juu, Usangi na Ugweno, kuna mvua, migomba na mifereji. Huku chini jua ni kali, mahindi ni ya kubahatisha, na mali ya mtu ni mbuzi na ng'ombe wake. Tena pori ni jirani. Mkomazi ilifanywa pori la akiba mwaka 1951, ikawa hifadhi ya taifa mwaka 2008, nao tembo hawajui mpaka. Mahindi yakikaribia kukomaa, baba hulala shambani na debe lake la kupiga, apate kuyalinda. Usiku ule hakuna amsifuye. Lakini uji watakaokunywa watoto miezi mitatu baadaye umetoka katika usiku ule.

Sasa tuweke mfano, wala simsemi mtu fulani. Tuseme huko Kwakoa yupo baba na mama wenye ng'ombe watano na watoto wanne. Binti yao mkubwa amefanya mtihani wa darasa la saba mwezi wa tisa. Kabla mwaka haujaisha atapokea Kipaimara. Januari, Mungu akipenda, ataingia kidato cha kwanza. Tayari watu wameanza kuuliza njiani: "Baba Neema, kamati inakaa lini?" Maana mwaka jana nyumba ya pili ilifunga turubai, ikapiga muziki mpaka usiku, ikakata keki, na watu walikula wali na nyama wakasaza. Bibi naye amesema neno lake: "Mwanangu, mjukuu wangu wa kwanza apite kimya kimya kama yatima?"

Usiku mke na mume wanaongea. Mama asema, "Baba Neema, tukiuza ng'ombe mmoja kwa sherehe na mmoja kwa shule, wanabaki watatu, na kiangazi hicho kinakuja." Baba anyamaza, kisha ajibu, "Najua, Mama Neema. Lakini watu watasemaje?"

Hapo, msomaji, ndipo penye jambo letu. Baba huyu si mpumbavu, wala si mlevi wa sifa. Anampenda binti yake. Lakini ndani yake wamo wazazi wawili. Mmoja ni yule ambaye watu wanamtaka. Wa pili ni yule ambaye yeye mwenyewe aliahidi kuwa, siku ile alipompakata mtoto kwa mara ya kwanza. Nao ng'ombe hawatoshi kuwalisha wote wawili.

WALIVYOLEA WAZEE

Wengine watasema: Basi dawa ni rahisi, tusiwasikilize watu, kila mtu alee kwake. La! Neno hilo si la kwetu, wala si kweli. Mkono mmoja haulei mwana. Wazee wa Upare walijua hivyo kabla ya shule na kabla ya zahanati. Vijana walipelekwa mshitu, yaani msitu wa jando, wakafundishwa na wakubwa namna ya kuishi na watu. Profesa Isaria Kimambo, mwenyeji wa Upare, aliyetoa kitabu chake juu ya historia ya Wapare mwaka 1969, alionyesha kwamba mafunzo yale hayakuwa mchezo wa nyumba moja. Yalikuwa nguzo ya nchi, hata utawala wa Ugweno ukashikamana nayo. Kadhalika pembe ya msaragambo ilipopigwa, watu wote walitoka na majembe: leo mfereji, kesho njia, kesho kutwa nyumba ya mjane. Mtoto aliyekua katika hali ile aliona kwa macho yake kwamba ni wa watu wengi.

Basi macho ya watu si mabaya. Jirani amwonaye mwanao akivuta sigara nyuma ya duka, akamrudisha nyumbani, amekusaidia kulea. Shangazi amwulizaye binti yako kwa nini siku hizi amepoa hivi, huenda akasikia jambo ambalo wewe hukuambiwa. Jumuiya Ndogo Ndogo inayokuja kusali kwako mtoto akiugua ni baraka. Nyumba isiyotazamwa na mtu yeyote ni nyumba ya hatari, hasa kwa mtoto.

Lakini tuseme kweli. Zamani macho yalikuja pamoja na mikono. Aliyekutazama ndiye aliyekusaidia. Siku hizi mahali pengi macho yamebaki, mikono imeondoka. Wale wale wanaouliza kamati ya sherehe inakaa lini, hawaulizi kamati ya madaftari inakaa lini. Mchango wa keki hupatikana. Mchango wa viatu vya shule ni kazi. Tusikatishane tamaa, maana mkoa wa Kilimanjaro wajulikana kwa wingi wa sekondari zilizojengwa kwa nguvu za wananchi, na watu wa Upare wamebeba mawe na mchanga wa shule zao kwa vichwa vyao. Mikono tunayo. Ila tumeizoeza kutoka kwa sherehe upesi kuliko kwa mtoto mwenyewe.

KODI YA MACHO YA WATU

Wapare wanayo hadithi moja ya kweli itakayotufaa hapa. Katika miaka ya vita vikuu vya pili, serikali ya kikoloni ilileta kodi iliyoitwa mbiru. Kodi hiyo haikuwa sawa kwa wote. Kila mtu alikadiriwa kwa mali aliyodhaniwa kuwa nayo. Watu wakaona si haki. Mwaka 1945 maelfu yao waliteremka mpaka Same, makao ya wilaya, wakakaa huko siku nyingi wakiipinga. Mwaka uliofuata wanawake nao waliingia kwa sauti zao, maana waume walikuwa mbali na mzigo wote wa nyumba na watoto uliwalemea wao. Mwisho serikali ikaiacha kodi ile.

Mbona naisimulia? Kwa sababu sherehe ya kushindana nayo ni mbiru. Hakuna sheria iliyoiandika, lakini watu hukukadiria kwa mali wanayodhani unayo: "Yule ana ng'ombe watano, hawezi kufanya chini ya hapa." Nawe walipa. Babu zetu na bibi zetu walisimama mbele ya serikali ya Mwingereza wakasema kodi hii hatuiwezi. Je, sisi tutashindwa kusimama mbele ya jirani na kusema, "Ndugu zangu, mwaka huu tutakula makande"?

Tena Kipaimara chenyewe hakiuzwi. Mtoto anatakiwa awe amebatizwa, amefundishwa vema, na ana msimamizi mwenye mwenendo mwema. Turubai halimo. Furaha yafaa, na kula pamoja ni desturi njema. Hata maskini hufurahi kwa kikombe cha chai. Ubaya ni kukopa ili watu washibe siku moja, kisha Januari mtoto yule yule tuliyemshangilia asimame mlangoni pa shule bila sare.

Maana sare ni ya mzazi. Ada ya shule za msingi za serikali iliondolewa mwanzoni mwa miaka ya 2000. Ada ya kidato cha kwanza mpaka cha nne iliondolewa kuanzia Januari 2016, na ya kidato cha tano na cha sita mwaka 2022. Huu ni msaada mkubwa kwa watu wa vijijini. Lakini neno "bure" limewadanganya wengi. Sare, viatu, madaftari, kalamu, na chakula cha mchana kwa mtoto aendaye kutwa, bado vyatoka mfukoni mwa mzazi. Binti anayetembea kilomita nyingi asubuhi na kukaa njaa mpaka jioni, shule yake ni ya bure, lakini ubongo wake haushiki kitu.

MAMBO MATATU TUNAYODAIWA

Sherehe ni dai moja tu la watu. Yako mengine makubwa zaidi, nayo yatazamwe.

La kwanza ni fimbo. Watu husema mzazi asiyepiga ni mzazi dhaifu, nao hutaja methali: mchelea mwana kulia, hulia yeye. Methali ni ya kweli, lakini haikutaja fimbo. Yasema usiogope kumkataza mtoto jambo baya eti kwa sababu atalia. Kumkataza ni kazi moja. Kumwumiza ni kazi nyingine. Mwaka 2009 ulifanywa uchunguzi mkubwa katika Tanzania nzima juu ya ukatili kwa watoto, na habari zake zikatolewa mwaka 2011. Ulionyesha kwamba karibu vijana 3 katika kila 4, wasichana na wavulana, walikuwa wamepigwa ngumi, mateke, viboko au kuumizwa mwilini kwa namna nyingine kabla ya kutimiza miaka 18, na wengi waliumizwa na jamaa zao au walimu wao. Tena katika wasichana, karibu mmoja kwa kila watatu alikuwa ametendewa uovu wa mwili na aibu, na wengi hawakumwambia mtu.

Wazazi, tuunganishe maneno haya mawili. Mtoto anayemwogopa baba yake kama simba hatamwambia baba siku mtu mbaya atakapomgusa. Atanyamaza, maana hajui kama atasikilizwa au atachapwa. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 yamruhusu mzazi kumrudi mtoto, lakini yakataza adhabu ya kutesa, na adhabu iliyopita kiasi kwa umri wake, hali yake na kosa lake. Hata shuleni, kanuni za mwaka 2002 zaweka ukomo wa viboko vinne, kwa ruhusa ya mwalimu mkuu tu. Ikiwa mwalimu amewekewa ukomo, je, mzazi aliyezaa asiwe na ukomo moyoni mwake?

La pili ni shule ya kujivunia. Wako wazazi wanaompeleka mtoto wa miaka mitano bwenini, mbali, ili mtaa useme, "Wale wanasomesha." Mtoto analala na wenzake arobaini, hajui hata kufunga kamba za viatu. Kuanzia Machi 2023 serikali ilipiga marufuku bweni kwa watoto wa awali mpaka darasa la nne, na sababu ni hiyo hiyo: umri ule mtoto ahitaji mzazi kuliko ahitajivyo bweni. Wala tusiogope kwamba aliyechelewa amepotea. Mwalimu Julius Nyerere, mtoto wa Burito na Mugaya, alianza shule huko Musoma mwaka 1934 akiwa na miaka kama 12. Miaka yake ya kwanza aliipata nyumbani Butiama, kwa mama asiyejua kusoma, akichunga na kusikiliza wazee. Sisemi tuwacheleweshe watoto. Sheria yataka waende shule kwa wakati. Nasema kwamba mama asiyejua kusoma naye ni mwalimu, na somo lake haliwezi kununuliwa bwenini.

La tatu ni fedha za baba. Nchi ya tambarare haiwatoshi vijana, kwa hiyo baba wengi wako Mererani wakichimba tanzanaiti, au Moshi, au Tanga, au Dar es Salaam. Hutuma fedha kwa simu, na watu humsifu: "Huyo ndiye baba, hajawasahau." Ni kweli, asifiwe. Wako wanaosahau kabisa. Lakini tazama mizani hii isivyo sawa: mtoto akifaulu, watu husema ni damu ya baba; akiharibika, husema mama yake hakumlea. Mama yuko peke yake na watoto wanne, mbuzi, maji ya mbali, na mama mkwe mgonjwa. Kisha kosa likitokea ni lake peke yake. Hiyo si haki. Sheria niliyoitaja huwapa baba na mama wote wawili wajibu wa kumtunza mtoto: chakula, malazi, mavazi, matibabu na chanjo, elimu na maongozi, hata nafasi ya kucheza na kupumzika. Wapo wanaoshangaa kwamba sheria imetaja kucheza. Msishangae. Mtoto asiyecheza huzeeka kabla ya kukua.

Baba uliye mbali, fedha zako zinafika kwa dakika moja. Sauti yako nayo hufika kwa dakika moja. Usimpigie mama tu kuuliza kama fedha zimeingia. Sema, "Mpe Neema simu." Umwulize mwalimu wake anaitwaje, amesoma nini leo, nani rafiki yake. Ukirudi Desemba na mizigo na soda, usikae barazani na wanaume siku zote kumi na nne. Nenda na mwanao machungani. Huko njiani utasikia mambo ambayo simu haileti.

NDOTO ZETU WENYEWE

Mpaka sasa nimewasema majirani. Sasa tujiseme wenyewe. Maana si kila ndoto ya mzazi ni njema kwa sababu imetoka moyoni mwake.

Yuko mama aliyeapa, "Mimi nililelewa kwa shida, mwanangu hatagusa jembe." Nia ni ya upendo. Lakini kijana huyo sasa ana miaka 16, hajui kuchota maji, na mama akiugua wanalala na njaa wote wawili. Yuko baba aliyetamani udaktari akaukosa, sasa anamsukuma mwanawe aupate yeye, ingawa mikono ya kijana yaonyesha wazi kwamba ni fundi. Kila akipata alama ndogo katika hesabu, nyumba yote yaomboleza kama kwenye msiba. Kijana huyo halelewi. Anatumwa kumalizia safari ya mtu mwingine.

Tena yuko mzazi anayetaka kujua kila hatua ya mtoto, kila neno, kila rafiki. Marehemu Papa Fransisko, katika waraka wake wa mwaka 2016 juu ya upendo katika familia, aliwaonya wazazi juu ya hilo: kumchunga mtoto kila hatua siko kumlea, kumlea ni kumzoeza kuchagua mema hata akiwa peke yake. Na Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulisema mwaka 1965 kwamba wazazi ndio walimu wa kwanza na wakuu wa watoto wao. Mwalimu mwema hujua kwamba siku moja mwanafunzi ataondoka darasani.

Basi, ikiwa watu waweza kukosea, nasi wenyewe twaweza kukosea, tupime kwa nini? Tupime kwa mtoto mwenyewe. Si kwa kumwuliza mtoto anataka nini, maana atataka peremende kutwa. Tupime kwa kuuliza maswali haya.

Kwanza: jambo hili likifanyika bila mtu yeyote kuliona, je, bado litamfaa mtoto? Viatu vya shule vitamfaa hata gizani. Muziki wa sherehe, ukiondoa wageni, haumfai mtu.

Pili: ni nani atakayelipa? Ikiwa siku moja ya furaha itamwondolea mtoto miezi sita ya madaftari, au itamwondolea mdogo wake maziwa, basi aliyelipa ni mtoto, si baba.

Tatu: mtoto anajifunza nini akitutazama? Mwana hutazama kisogo cha nina. Akituona tunakopa ili tuonekane, naye atakopa ili aonekane. Akituona tunasema kweli juu ya uwezo wetu bila aibu, ataishi bila aibu.

NG'OMBE YULE

Turudi kidogo kwa wale wazazi wetu wa mfano, maana nimewaacha usiku na neno lao. Wafanyeje?

Yafaa waketi tena wawili, kabla kamati ya watu haijaketi. Wataje kwanza gharama za Januari: sare mbili, viatu, madaftari, chakula cha muhula. Wauze ng'ombe mmoja sasa, angali na nyama, wala wasingoje kiangazi kimkondeshe na bei ianguke, kama wafugaji wa tambarare wajuavyo. Fedha hizo wazitenge, waziweke katika kikundi cha akiba au mahali pengine salama, wala wasiziguse. Kisha watazame kilichobaki. Kama kilichobaki ni mbuzi mmoja na debe la mahindi na maharage, basi sherehe ni mbuzi mmoja na makande. Waalikwe wa ukoo, msimamizi, mwalimu wa dini na jumuiya. Ampendaye dengelua atapata kidogo kwa kiasi, na watoto watapata soda.

Kisha baba amwendee mama yake kwa heshima kabla hajasikia kwa watu. Amwambie, "Mama, mjukuu wako hatapita kama yatima. Utamwombea wewe mwenyewe mbele ya watu wote, uweke mkono wako juu ya kichwa chake. Na Januari utamwona akiondoka na sare mpya." Bibi ni mtu wa akili. Alichoogopa ni mjukuu wake asihesabiwe. Turubai lilikuwa njia tu aliyoijua ya kumhesabia. Baraka ya bibi yahesabika kuliko keki.

Na majirani? Watasema. Watasema siku mbili, labda juma. Halafu jirani mmoja mwenye mtoto wa Kipaimara mwaka ujao atapita jioni, aulize kwa sauti ndogo, "Baba Neema, mliwezaje kufanya vile?" Maana wengi wanaolipa kodi hii hawaipendi, kila mmoja anangoja mwenzake aanze kukataa. Wewe ukianza, umewafungua wengi. Tena, jumuiya zikikubaliana pamoja kwamba sherehe za Kipaimara zitakuwa za chakula cha kawaida, na fungu moja la mchango liwe la shule, aibu yote itaondoka siku moja. Hili lafaa kuletwa katika kikao cha jumuiya yenu kabla ya msimu, si baada yake.

KAZI ISIYOONEKANA

Watu wa mlimani wana ndiva, lile birika la udongo na mawe wanalokusanyia maji ya mfereji. Nanyi wa tambarare mnalijua, maana wazee wengi wa Kwakoa walitoka mlimani. Ndiva hujaa usiku, watu wamelala. Maji ni machache, yanatiririka polepole, hakuna wa kuyashangilia. Asubuhi lango linapofunguliwa, shamba lote lanywa, na mpita njia husema, "Mahindi haya yamestawi!" Hakuiona kazi ya usiku.

Malezi ni hivyo hivyo. Sehemu kubwa yake hakuna mtu aionaye. Ni kuamka saa nane za usiku kumgusa mtoto paji la uso kama ana homa. Ni kumsubiri amalize kusema maneno yake marefu yasiyo na kichwa wala miguu. Ni kumwomba radhi ulipomkaripia bure. Ni kumwandikisha apate cheti cha kuzaliwa, ni kwenda mkutano wa wazazi shuleni hata kama shati ni kuukuu, ni kukataa kikombe cha tatu kilabuni ili kesho pawe na sabuni. Mambo hayo hayapigiwi muziki. Lakini ndiyo yanayojaza ndiva.

Wazazi, msidharau watu, maana mtawahitaji. Wala msiwaogope, maana si wao watakaoishi na mtoto wenu. Juma hili fanyeni jambo dogo. Jioni moja, baba na mama, zimeni redio, mketi, kila mmoja amwambie mwenzake: mtoto wetu huyu, kwa jina lake, ahitaji nini mwaka huu kuliko vyote? Mkishapata jibu, liwekeni mbele ya madai mengine yote. Wewe mama uliye peke yako, au bibi uleaye wajukuu, keti na dada yako au rafiki umwaminiye, mfanye vivyo hivyo. Wengine watawasifu, wengine watawacheka, nanyi mtaendelea na kazi. Miaka ikipita, mtoto naye atapata wake, atapoteza jina lake kama mlivyopoteza yenu, na usiku mmoja akiwa na mgonjwa mikononi atakumbuka ni mkono wa nani uliokuwa ukimgusa paji la uso.